Pangani: je, kuna shughuli za nje za kumweka mgeni zaidi ya nusu siku?

#1 Mhasibu wa Kizota

Wanajukwaa, salaam. Mwezi wa pili nina likizo, nami ningependa kuitumia pamoja na mke wangu na watoto wawili, mmoja akiwa darasa la sita na mwingine darasa la pili. Wenzangu ofisini wananisukuma kwenda Zanzibar, lakini mimi nimevutiwa na Pangani, kwa kuwa ni mji mdogo wenye mto unaoingia baharini katikati ya makazi ya watu, una kisiwa mbele yake na hifadhi ya taifa upande wa kusini.

Kinachonitia shaka ni maneno ya mwenzangu mmoja aliyewahi kufanya kazi Tanga mjini. Anadai kwamba Pangani humalizwa kwa nusu siku: unalitazama Boma, lile jengo la kale la utawala, unapanda boti mtoni, unakula samaki, kisha unarudi Tanga kulala. Familia yangu haipendi kushinda kando ya bwawa la hoteli. Tunapenda kutembea, kuogelea, kuendesha baiskeli na kutazama ndege. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, ni shughuli zipi hasa za nje zinazopatikana mjini na kando yake? Pili, ikiwa zipo nyingi, kwa nini mji huo hauna wageni?

#2 Mwana Mto

Karibu Pangani, mkuu. Nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto, na nimekulia kwenye kivuko, kwa hiyo nitaanza na mto wenyewe, kwa sababu ndio unaochukuliwa kwa wepesi kuliko vyote.

Mgeni anayepanda boti saa sita mchana, jua likiwa utosini na maji yakikupwa, ataona tope, mikoko iliyosimama kimya na nahodha anayetazama saa yake. Huyo ndiye anayerudi Tanga na kusimulia kwamba mto haukuwa na kitu. Safari ya mtoni huanza alasiri wakati maji yanajaa, ili boti ipande nayo taratibu bila kupigisha injini kelele, na hurudi magharibi maji yanapoanza kukupwa. Karibu na mlango wa mto mtapita kwenye mikoko ya aina nyingi: mchu, mlilana, mkandaa, na mkomafi wenye matunda makubwa ya mviringo ambayo watoto wako watataka kuyachezea mpira. Mkipanda zaidi, mikoko inapungua na minazi inaingia, na kingo zinakuwa juu. Hapo ndipo mtamwona kwazi akiwa juu ya mti mkavu, mdiria wakipiga mbizi, na tumbili wakishuka kunywa maji. Mamba wapo, ila huonekana zaidi sehemu za juu, nao hawaonekani kila safari.

Mwambieni nahodha azime injini kwenye kona moja na kuiacha boti ielee. Wengi wao hawafanyi hivyo bila kuombwa.

#3 Gurudumu Mbili

Kwa kuwa mleta uzi ametaja baiskeli, naomba nieleze njia ninayoipenda kuliko zote katika mkoa wa Tanga. Panda pantoni na baiskeli yako asubuhi na mapema, vuka hadi Bweni, panda kilima kidogo kilichopo ng'ambo na ugeuke nyuma: kutoka hapo mji wote unaonekana, mapaa ya mabati yenye kutu, majumba ya kale ya ghorofa yaliyopangana kando ya maji, na mahali maji ya kahawia ya mto yanapokutana na bahari. Kisha shika barabara ya kusini. Ushongo, kijiji cha ufukweni, ni kilomita kama 15 kutoka kwenye kivuko, njia ikipita katikati ya minazi na mashamba, bila milima ya kutisha. Mtoto wa darasa la sita ataweza. Wa darasa la pili mbebe nyuma au mpandishe bodaboda pamoja na mama yake.

Upande huohuo kuna Kikokwe, ambako historia ya mkonge wa nchi hii ilianzia. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Mingi ilikufa njiani, na 62 iliyonusurika ikapandwa hapo. Mtu akiendesha baiskeli kati ya Kikokwe na Mwera huku akijua kwamba mashamba yote ya mkonge ya Korogwe, Muheza na Kilosa yana asili katika miche isiyojaza hata toroli moja, safari inapata ladha nyingine.

#4 Bibi Harusi wa Chumbageni

Gurudumu Mbili, wewe kila uzi lazima uwapandishe watu baiskeli. Juzi kwenye uzi wa kilimo cha vanila ulishauri baiskeli pia. Mhasibu, nakuonya kwamba barabara hiyo mvua ikinyesha ina utelezi, na ndugu yetu huyu huwa hasemi.

#5 Gurudumu Mbili

Dada, mleta uzi anakwenda mwezi wa pili, na mwezi wa pili ni kiangazi. Ningekuwa nashauri kwa mwezi wa nne ningeandika mengine.

#6 Nahodha wa Kaskazi

Assalaam alaikum. Naona wachangiaji wameanza nchi kavu, na mimi nitaingia baharini, maana nimefanya kazi ya kupeleka wageni Maziwe kwa miaka mingi.

Kisiwa cha Maziwe kiko kusini mashariki mwa mlango wa mto, umbali wa kilomita nane hadi kumi kutegemea umetokea wapi, na kutoka Ushongo ni karibu kidogo kuliko kutoka mjini. Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, hivyo mgeni hulipa kiingilio cha serikali mbali na nauli ya chombo. Ulizieni viwango kabla ya kupatana bei ili msije mkalipishwa mara mbili. Mtakachokikuta si kisiwa chenye miti, bali ni fungu la mchanga mweupe lililozungukwa na matumbawe. Maji yakijaa sana, fungu lote hufunikwa. Kwa sababu hiyo, anayepanga safari ya Maziwe bila kutazama mwezi angani anapoteza fedha.

Kanuni ya pwani yetu ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Basi ukitoka saa mbili asubuhi unafika wakati mchanga unazidi kutokeza, watoto wanaogelea kwa miwani na mrija kwenye maji ya kimo cha kifua, na saa saba mnafunga safari kurudi. Jioni ya siku hiyohiyo maji yanajaa, na ndio wakati aliousema Mwana Mto katika bandiko #2 wa kupanda mtoni. Kwa hiyo siku moja ya bamvua inaweza kubeba bahari na mto pamoja, ingawa kwa mtoto wa darasa la pili ningeshauri kuzigawa.

Mwezi wa pili kaskazi bado inavuma, hasa baada ya adhuhuri, lakini maji ni meupe na samaki wanaonekana vizuri. Kusi ikishika kuanzia mwezi wa tano, bahari huchafuka na nahodha mwenye akili hukataa fedha yako. Tena jaketi okozi zivaliwe na kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani akiangukia majini.

#7 Mhasibu wa Kizota

Nawashukuru sana. Nahodha, maelezo hayo ya bamvua yamenifanya nibadilishe tarehe za likizo. Ila naomba kuuliza: kwenye picha moja ya zamani niliyoona nyumbani kwa mzee mmoja, Maziwe ina miti mirefu. Je, ni kisiwa hichohicho?

#8 Mwalimu Mstaafu Boma

Ndicho hichohicho. Tulipokuwa vijana Maziwe ilikuwa na mivinje iliyoonekana kutoka pwani, na wavuvi walikuwa wakipiga kambi chini yake. Kasa walikuwa wakitaga huko kwa wingi. Miti ilikwisha kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kilichobaki ni mchanga unaohama. Kwa maoni yangu, sababu ni shoka. Wavuvi walikata mivinje kwa kuni za kukaushia samaki na kwa nguzo, mizizi ikaoza, na mchanga usio na mizizi hauwezi kushindana na mawimbi.

Naongeza jambo ambalo huenda likawafaa watoto wa mleta uzi. Kasa bado hupanda Maziwe kutaga, na kwa kuwa bamvua ingezamisha mayai, walinzi wa kasa huyahamishia nchi kavu Ushongo na kuyafukia upya katika ufuo uliolindwa. Mayai huchukua takribani miezi miwili kuanguliwa. Mkiuliza Ushongo kama kuna kiota kinachokaribia, mnaweza kuwaona vifaranga wakikimbilia baharini, ingawa kwa mwezi wa pili itategemea bahati, kwani viota vingi hutagwa kuanzia wakati huo na kuendelea.

#9 Fundi wa Mitambo

Mwalimu, naheshimu kumbukumbu yako, lakini shoka peke yake haimalizi kisiwa. Tazameni miaka. Mtambo wa umeme wa Hale, ulio kwenye mto huu, ulianza mwaka 1964, na bwawa la Nyumba ya Mungu, huko juu ya mto huohuo, lilijengwa katikati ya miaka hiyohiyo ya 1960. Mto uliokuwa ukisukuma mchanga na udongo kutoka Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara hadi baharini ukaanza kuuacha mzigo wake bwawani. Miaka 10 hadi 15 baadaye kisiwa kilichopo mbele ya mlango wa mto huohuo kinakwisha. Kwangu mimi hilo si jambo la kupita hivihivi. Isitoshe, maji ya chumvi sasa yanapanda mtoni mbali kuliko zamani, na wakulima wa kando ya mto wanajua hivyo kwa sababu minazi na mashamba yao yameathirika. Mto umepungua nguvu, na mto usio na nguvu haulishi pwani.

#10 Tumbawe

Ndugu Fundi, hoja yako ni nzuri kwa ufuo wa Pangadeco na kingo za mjini, ila kwa Maziwe ina tatizo. Ukichota mchanga wa Maziwe kiganjani ukautazama kwa makini, utaona vipande vya matumbawe na magamba ya konokono. Ni mchanga uliozaliwa kwenye mwamba wa hapohapo. Wa mtoni ni wa kahawia na una chembe za mawe kutoka bara. Kisiwa ambacho hakikulishwa na mto hakiwezi kufa kwa sababu mto umeacha kulisha.

Mimi ningetazama matumbawe. Mwambao wa Tanga uliteseka kwa uvuvi wa baruti kwa miaka mingi, na mwamba uliovunjwa hauvunji tena mawimbi. Mawimbi yanapita juu yake yakiwa na nguvu zote na kuufikia mchanga.

#11 Mwalimu Mstaafu Boma

Baruti iliharibu mengi, sikatai. Lakini miti ilianza kupungua tukiona kwa macho yetu watu wakirudi na magogo.

#12 Shangazi Maskati

Salaam kutoka Maskati. Familia ya mama yangu ina asili ya Pangani, na bibi alikuwa akitusimulia kuhusu kwenda Maziwe kwa mashua siku za sikukuu, wakipika wali chini ya miti. Kwa hiyo miti ilikuwepo, na kivuli kilitosha ukoo mzima. Nimesoma uzi huu kwa furaha, lakini naona swali la pili la mleta uzi limeachwa. Nilipokuja na wanangu, mjini tulikuwa karibu peke yetu. Kwa nini?

#13 Dereva wa Segera

Jibu la Shangazi ni jepesi: barabara. Kutoka Muheza hadi Pangani ni kilomita 45 hivi, kutoka Tanga ni 50, na kwa miaka mingi zote zilikuwa za udongo na makorongo. Nani mwenye gari dogo angejipeleka huko wakati wa masika? Ujenzi wa lami wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo pamoja na daraja la mita 525 la kuvuka mto ndio utakaomaliza uzi huu. Mtu wa Dar es Salaam ataacha kuzunguka Chalinze na Segera, atapita Bagamoyo na kutokea Bweni.

#14 Mwana Mto

Dereva, ikiwa barabara ndiyo sababu, tueleze kwa nini hoteli za Ushongo, ambazo ziko mbali zaidi na ambazo ni lazima uvuke pantoni kuzifikia, zina wageni kuliko mji. Wageni wapo. Wanalala upande wa kusini, wanapanda boti za hotelini kwenda Maziwe, wanaletwa mjini saa moja kutazama Boma na mlango wake wa nakshi, kisha wanarudishwa. Mji wenyewe haupati hata chai yao. Nami nina hofu kwamba daraja litawafanya wengi wapite juu ya Pangani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila kushuka, ilhali pantoni ilikuwa ikiwalazimisha angalau kununua korosho.

#15 Msomi wa Majengo ya Kale

Suala hili lina mizizi ya zamani kuliko lami. Pangani ilikuwa bandari kubwa ya misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19, na Boma lenyewe lilijengwa mwanzoni mwa karne hiyo. Baada ya hapo Wajerumani walianza reli mwaka 1893 wakiianzia Tanga, penye maji marefu. Mlango wa mto Pangani una fungu la mchanga ambalo meli kubwa haziwezi kulivuka. Bandari ikafifia, biashara ikahama, na mji ukabaki kama ulivyo. Kinachowavutia wageni leo, yaani ule utulivu na majumba ya kale, ndicho kinachowakimbiza pia, kwa kuwa mji usio na biashara hauna sehemu za kutosha za kulala wala kula.

Msiache kutembea mjini kwa miguu. Saa moja asubuhi, kabla ya joto, anzieni kwenye Boma, mfuate mto hadi majumba ya wafanyabiashara na ghala la zamani la watumwa, kisha mmalizie ufukweni. Waelezeni watoto habari za Abushiri bin Salim aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani kuanzia 1888.

#16 Bibi Harusi wa Chumbageni

Abushiri si alinyongwa Bagamoyo?

#17 Msomi wa Majengo ya Kale

Hapana, dada. Bagamoyo alipigana na kuizingira. Alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Na hapo Pangani ndipo machafuko yalipoanza mwaka uliotangulia, wakati ofisa wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alipotaka kupandisha bendera ya kampuni.

#18 Mama Pacha

Naomba niseme kama mzazi. Sababu ambayo hakuna aliyeitaja ni bei ya chombo. Boti hukodishwa nzima, hivyo familia ya watu wanne inalipa sawa na kundi la watu kumi. Sisi tulipofika tulitajiwa bei na mtu aliyejiita mwongozaji, tukaichukua bila kuuliza, halafu baharini tukakutana na kundi lililolipa nusu yake kwa chombo kikubwa zaidi. Tangu hapo huwa natafuta familia nyingine kwanza ndipo napatana. Mhasibu, ukiweka tangazo hapa jukwaani utapata wenzako, na gharama zitashuka.

Kuhusu watoto wadogo, walichokipenda wangu kuliko Maziwe ni kuvua kwa mshipi kwenye gati pamoja na watoto wa pale, na kupanda pantoni kwenda na kurudi bila sababu yoyote. Msipange makubwa kila siku. Ufuo wa Pangadeco unafaa kwa mpira maji yakikupwa, kwa sababu mchanga unakuwa mpana na mgumu. Kwa kuogelea maji yake ni ya kahawia kwa ajili ya mto, nao wangu hawakujali.

#19 Jasiri wa Chamwino

Je, kuogelea mtoni kwenyewe inawezekana? Maji yanaonekana matulivu sana pale kwenye kivuko.

#20 Nahodha wa Kaskazi

Hapana. Utulivu unaouona ni wa juu tu. Maji yanapokupwa siku za bamvua, mto wote unajaribu kutoka kwa mlango mmoja, na nimeona wapiga mbizi hodari wakipelekwa hadi nje ya fungu.

#21 Mwana Mto

Mimi nilijifunza kuogelea palepale kwenye gati, na wenzangu wote pia, ila tulikuwa tunaingia maji yakiwa yamesimama, kabla hayajageuka, tukiwa na wazee wanaotutazama. Mgeni hawezi kuijua dakika hiyo. Kuhusu mamba, wazee wanasema hukaa kwenye maji baridi huko juu na hawaupendi mlango wenye chumvi.

#22 Dereva wa Segera

Wakati wa masika mto ukifurika, maji baridi yanafika hadi mjini, na mamba anafuata maji yake. Watu wa Bweni wenyewe wanajua.

#23 Mwana Mto

Watu wa Bweni ni mimi. Anaweza kushuka, hutokea. Nimesema wazee wanasema hivyo, sikusema wamehakikishiwa na mamba.

#24 Bibi Harusi wa Chumbageni

Jasiri wa Chamwino, ndugu zangu wa bara mnayapenda maji mkiwa mbali nayo. Anza na beseni.

#25 Mlinzi wa Nyika

Nimechelewa kuingia. Saadani imetajwa na mleta uzi na hakuna aliyeifafanua. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba, na ukanda wake wa kaskazini ulikuwa ranchi ya Mkwaja. Wengi hudhani yote iko Bagamoyo, lakini sehemu kubwa ya kaskazini iko katika wilaya ya Pangani. Ukitoka Bweni, ukapita Mwera na kuendelea kusini hadi Mkwaja, unaingia kwa lango la kaskazini bila kuzungukia mkoa wa Pwani. Ni hifadhi pekee nchini ambako nyika ya wanyama inagusana na ufuo wa bahari. Msitarajie kundi la tembo wakioga baharini kama mabango yanavyochora. Mtaona twiga, ngiri, kongoni, kuro, na tembo wakipenda. Upande wa Madete kuna ufuo ambako kasa hutaga.

Ushauri wangu ni kuipa Saadani siku nzima kwa gari lenye uwezo wa kupita kwenye mchanga na tope, kwani udongo mweusi wa huko ukilowa hata kidogo hauna msamaha.

#26 Gurudumu Mbili

Naomba kuongeza upande wa kaskazini, kwa sababu watu husafiri kutoka Tanga wakisinzia garini. Kilomita 20 hivi kusini mwa Tanga kuna Tongoni, yenye msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo zaidi ya 20. Mkiendelea mtafika Kigombe, kijiji cha wavuvi ndani ya hifadhi ya bahari ya silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, baada ya wavuvi wa eneo hilo kuanza kuwanasa samaki hao wa kale nyavuni mwanzoni mwa miaka ya 2000. Samaki mwenyewe hamtamwona, anakaa kwenye kina kirefu. Lakini kusimama Kigombe asubuhi ngalawa zikirudi ni burudani isiyo na kiingilio. Na ndiyo, barabara hiyo nimeipita kwa baiskeli.

#27 Fundi wa Mitambo

Narudi kwa Tumbawe. Nakubali mchanga wa Maziwe ni wa matumbawe. Hata hivyo, mto uliobadilika haukosi kubadilisha mkondo wa bahari mbele ya mlango wake, na mkondo ndio unaoamua mchanga ukae wapi. Tena udongo mwembamba unaotoka mashambani wakati wa masika hulifunika tumbawe na kulinyima jua. Kwa hiyo mto unaweza kukiua kisiwa kwa njia mbili bila kukilisha hata punje moja.

#28 Tumbawe

Sasa umehamisha goli. Mwanzo mto ulikuwa na mzigo mdogo mno, sasa una mzigo mkubwa mno.

#29 Fundi wa Mitambo

Mchanga mzito unabaki bwawani, udongo mwembamba unapita. Yote mawili yanawezekana kwa mto mmoja.

#30 Msomi wa Majengo ya Kale

Je, hamuoni bahari yenyewe kuongezeka kina? Kingo za Pangani mjini zimejengewa ukuta kwa sababu maji yanasogea, na huko hakuna mivinje iliyokatwa wala matumbawe yaliyolipuliwa.

#31 Nahodha wa Kaskazi

Bahari ingekuwa ndiyo sababu peke yake, mbona visiwa vya Ulenge na Toten huko Tanga bado vipo na miti yake?

#32 Tumbawe

Kwa sababu Ulenge na Toten ni mwamba mgumu wa matumbawe ya kale ulioinuka juu ya maji. Maziwe ni mchanga mtupu uliolala juu ya mwamba ulio chini ya maji. Usizilinganishe, Nahodha.

#33 Mhasibu wa Kizota

Nimefuatilia kila bandiko, asanteni. Nimepanga hivi: siku ya kwanza mji kwa miguu na pantoni, siku ya pili, ambayo ni bamvua, Maziwe asubuhi, siku ya tatu mto kuanzia saa tisa alasiri, siku ya nne baiskeli hadi Ushongo na kulala huko, siku ya tano Saadani kupitia Mkwaja. Natafuta familia moja ya kugawana chombo cha Maziwe. Pia sijaelewa: nikiwa nimelala Ushongo, je, haingekuwa nafuu kwenda Maziwe kutokea huko badala ya mjini?

#34 Mwana Mto

Ni karibu, na kwa mafuta ya boti ni nafuu. Ila ukifanya hivyo, shilingi yako nayo inabaki kusini, kama nilivyolalamika katika #14. Toka mjini, mkuu. Mtapita mlango wa mto asubuhi na kuziona ngalawa zikitoka.

#35 Mama Pacha

Mwana Mto, usimtwishe Mhasibu uchumi wa wilaya. Mwenye mtoto wa darasa la pili anayetapika chomboni achukue njia fupi. Mhasibu, sisi tupo watano na tarehe hizo zinatufaa, nimekuandikia faragha.

#36 Mwalimu Mstaafu Boma

Mkifika Maziwe, mwulizeni nahodha awaonyeshe upande ulikokuwa na mivinje. Kila mmoja ataonyesha upande wake. Mimi ningeonyesha wa magharibi.

#37 Nahodha wa Kaskazi

Ilikuwa kati, Mwalimu, ikielekea kaskazini. Fungu ndilo lililohama.